Injini Aliyoipitisha Kaka Yangu

Kaka yangu wanamwita Sikio, na nakwambia mapema kabisa kwamba sijamsamehe. Usisikilize ukingoja tukumbatiane mwishoni. Hatukumbatiani.

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Mafundi wenzake ndio waliompa, zamani, bado kijana mwembamba wa suruali moja. Alikuwa anapita zake barabarani na mkate mkononi, akasimama kwenye gari la mtu asiyemjua, akagonga kioo. "Silinda ya tatu," akasema, "plagi imelegea." Mwenye gari akamtukana matusi ya kutosha. Halafu akafungua boneti, na plagi ya tatu ikazunguka kwa vidole viwili. Basi, habari ikaenea. Watu wakawa wanaleta magari kutoka mbali ili kaka ayasikilize tu. Anachukua bisibisi yake ndefu, ncha anaiweka juu ya injini, mpini sikioni, anafumba macho, na uani wote wananyamaza kama wako msibani. Akifumbua macho, hukumu imetoka. Bearingi ya alternata. Pampu ya maji. Vavu inavuja. Alikuwa hakosei, na siku akikosea tulisema gari ndilo lenye makosa.

Zilipoingia zile kompyuta za kupimia magari, kila gereji ilinunua. Yeye? Ng'o! "Kompyuta inakusomea makosa yaliyokwisha kutokea," alikuwa akisema. "Mimi nasikia yanayokuja." Maneno matamu, nasi tukayalamba kama asali. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulamba. Mtu akitaja gari lake tu, tayari nimemrukia: mpelekee kaka yangu, kaka yangu yule, wewe humjui!

Mimi ni dereva. Miaka kumi na tisa nimeendesha magari ya hospitali, na sijawahi kumgonga hata kuku. Nilipostaafu nilikuwa nimewaona vya kutosha wagonjwa wa figo, hawa wanaosafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mtu akitoka kwenye ile mashine miguu inamtetemeka, halafu unamwambia akasimame kituoni na kusukumana na wazima? Nikasema mimi nitawabeba. Nikapata wanne: mwalimu mstaafu, mama mshonaji, kijana wa benki na bibi mmoja aliyekuwa hanyamazi njiani. Muuguzi mkuu wa chumba cha mashine akaniandika kwenye orodha yake, kwa sharti moja. Mgonjwa akichelewa zamu yake, mashine inapewa mwingine, na dereva anafutwa. Hakuna cha samahani. Kwa hiyo gari ndilo lingekuwa kazi yangu, na kazi hiyo ndiyo uzee wangu. Kiinua mgongo changu chote kilikuwa kinaingia humo.

Daktari wa meno mmoja alikuwa anauza gari lake. Dogo, lina nafasi nyuma ya kuweka kiti cha magurudumu, viti havijachakaa. Nikalipenda. Kaka akaniita gerejini kwake, akanikalisha kwenye kiofisi chake, akachukua vavu mbovu kutoka mezani akaitumia kama fimbo ya mwalimu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Injini hii ni lita moja nukta nne, silinda nne, ya petroli, ina turbo. Kwenye karatasi ina nguvu za farasi mia na arobaini. Zamani nguvu hizo ulizipata kwenye lita mbili. Unajua zimetoka wapi?"

"Kwenye turbo."

"Turbo ni feni tu. Moshi unaotoka unaizungusha, nayo inasukuma hewa kuingia kwa nguvu. Inazunguka mara laki moja na nusu kwa dakika. Na kinachoizuia isiungue ni oili peke yake. Oili ikichafuka, imekufa. Kitabu cha gari kinasema badilisha oili kila kilomita elfu kumi na tano. Wewe badilisha kila elfu nane. Kitabu kimeandikwa na watu wanaotaka kukuuzia gari lingine."

Nikacheka. Akaendelea, ameshapata moto. Petroli humu inapuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye vavu za kuingizia hewa ikaziosha, kwa hiyo vavu zinaota masizi kama dohani la jikoni. Ringi za pistoni zake zinapenda kunywa oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha kupimia kila wiki, usingoje taa iwake. Halafu akaweka ile vavu chini, akashusha sauti.

"Lakini ugonjwa wake mkubwa ni cheni, hii inayofungua na kufunga vavu. Magari ya zamani yana mkanda, unaubadilisha, mambo yanakwisha. Hili lina cheni, na wanasema inadumu maisha yote ya injini. Ni kweli! Ikiruka cheni, maisha ya injini yamekwisha siku hiyo hiyo." Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. "Cheni inakazwa na presha ya oili. Gari likilala, oili inashuka chini. Asubuhi ukiwasha, kama cheni imerefuka, inapigapiga sekunde mbili, mpaka oili ipande. Sekunde mbili tu. Injini ikiwa ya moto huipati kabisa. Ndiyo maana mimi gari nalisikiliza likiwa limelala."

Unaona? Ni yeye aliyenifundisha, kwa mdomo wake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Daktari wa meno alilileta gari jioni, likalala gerejini. Asubuhi saa moja tukakutana. Kaka akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Watu walikuwa wameanza kujikusanya kama kawaida yao: muuza spea wa jirani, fundi rangi, na wateja wawili watatu waliokuja kuona Sikio akifanya kazi. Daktari akaingia ndani, akapiga stata.

Gari likawaka, na ndani ya injini kikatoka kitu: kraka-kraka-kraka, kama misumari ndani ya kopo. Sekunde mbili. Kisha kimya, mngurumo laini kabisa.

Nilisikia. Kwa masikio yangu haya. Nikamgeukia kaka. Yeye alikuwa ananitazama mimi.

Akachukua bisibisi, akaweka ncha juu ya injini, mpini akauuma kwa meno. Miezi mingi sasa alikuwa haweki tena sikioni, anauma, na sisi tukasema ni ufundi mpya, Sikio kapanda daraja. Akafumba macho kama dakika nzima. Akafumbua.

"Safi," akasema. "Chukua."

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Ungesimama mbele ya watu wale umwambie Sikio kwamba wewe, dereva wa kushika usukani tu, umesikia asichosikia yeye? Wahenga walishasema sikio halipiti kichwa. Nikajiambia nilichosikia ni kitu kingine, labda pampu, labda woga wangu tu. Nikafyata mdomo. Siku hiyo hiyo nikalipa, na daktari akanipunguzia bei bila hata kuombwa. Nikamwona mtu mwema sana.

Gari likafanya kazi miezi saba. Halikosi nguvu, milima linapanda huku mwalimu mstaafu anasifia. Ila oili lilikuwa linakunywa kama limelaaniwa. Nikimwambia kaka, ananijibu, "Tabia zake hizo, si nilikwambia?" Na kila asubuhi, kraka-kraka. Siku nyingine sekunde mbili, siku nyingine tatu, mwishowe nne. Unajua nilifanya nini? Nilikuwa nawasha redio kwanza, ndipo napiga stata. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na nne nawasha redio ili nisisikie injini yangu mwenyewe! Kwa sababu kaka alikuwa amesema safi.

Lilikufa siku ya Jumanne, kwenye mlima wa kupandia hospitali. Nyuma nilikuwa na mwalimu na mama mshonaji. Mlio mmoja tu, ta!, halafu usukani ukawa mzito na taa zote za dashibodi zikawaka. Nikalisogeza pembeni kwa breki zilizogoma kukanyagika.

"Dereva," mwalimu akaniuliza kwa utani wake, "tumefika au tumekwama?"

Nilihangaika nusu saa nzima mpaka likapatikana gari la kuwafikisha. Mama mshonaji aliwahi, yeye zamu yake ilikuwa ya pili. Ya mwalimu ilikuwa imempita. Alilala hapo hospitali mpaka kesho yake, miguu imevimba, maji yamepanda kifuani, anapumua akiwa amekalishwa. Alipona, namshukuru Mungu. Muuguzi mkuu hakunigombeza. Alifungua daftari lake, akachukua rula, akakata jina langu kwa mstari ulionyooka.

Fundi wa pale karibu na hospitali alifungua injini mbele yangu. Cheni ilikuwa imerefuka, ikaruka meno, pistoni zikakutana na vavu. Vavu zimepinda, pistoni mbili zimetoboka. "Hii imekuwa ikipiga kelele muda mrefu," akaniambia. "Hukuwa na mtu wa kuisikiliza?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari wa meno. Nilimkuta na barakoa usoni. Nilimwita mwizi, tapeli, nikamwambia amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikayasema yote mbele ya wagonjwa wake walioshika mashavu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua barakoa.

"Mama, mimi nilimwambia kaka yako," akasema. "Jioni ile nilipolileta. Alikuwa chini ya gari jingine, miguu tu iko nje. Nikamwambia fundi, hili asubuhi linapiga kelele, cheni nadhani. Akanijibu, sawa, sawa daktari. Kwani unafikiri bei niliishusha kwa nini? Nilidhani mmeshaelewana mtengeneze."

Nilitoka pale kichwa kinawaka. Kwa hiyo kaka alijua! Alijua, akasema safi. Ina maana amekula kitu, nikajiambia, ameniuza. Nilitembea mpaka nyumbani kwake, njia nzima nasema peke yangu kama kichaa. Yeye alikuwa hajarudi. Mkewe, wifi yangu, alikuwa sebuleni anapiga pasi maovaroli yake.

"Wifi," nikamwambia, hata salamu sikutoa, "mumeo alipewa nini na yule daktari?"

Akasimamisha pasi. Akanitazama sana, mpaka nikaanza kusikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Hakupewa kitu," akasema. "Hasikii."

"Hasikii nini?"

"Hasikii, wifi. Ni kiziwi. Mwaka wa tatu huu. Lilianza sikio la kulia, likafuata la kushoto. Akiuma ile bisibisi anapata mtetemo kidogo kwenye mifupa, basi. Lakini gari linapowaka, kabla hajaishika bisibisi, hapati kitu."

Niliketi. Siri ya mtungi aijuaye kata, jamani, na kata mwenyewe alikuwa ananipikia chai kila Jumapili. Nikaanza kukumbuka. Simu yake inapokelewa na wifi, eti yeye mikono ina grisi. Gerejini anawaambia watu, "Njoo mbele nikuone, mimi siongei na mtu aliyejificha nyuma ya boneti," nasi tunacheka. Mimi nashinda barabarani, tukikutana tunakaa uso kwa uso, na yeye anasoma midomo yangu kama gazeti.

"Ulijua nanunua gari kwa neno lake," nikamwambia wifi.

"Alinikataza nisiseme."

"Ulijua?"

"Siku ile uliyolileta hapa nikawapikia, tukala, wewe unacheka. Kimoyomoyo nilikuwa naomba Mungu gari liwe zima." Akaanza kulia. Nikamwacha alie. Machozi yake hayakuwa na kazi kwangu.

Asubuhi nikawahi gerejini. Kaka alikuwa ameinama kwenye boneti ya gari la mwalimu wa chekechea, kigari kirefu cha kubebea watoto, nacho cha turbo. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, anangoja. Nikaenda nikasimama mbele ya kaka, mpaka akainua macho. Nikafungua mdomo, nikasema kwa midomo mitupu, sauti sikutoa hata chembe: habari za asubuhi, kaka?

"Nzuri, mdogo wangu," akajibu, anatabasamu. "Pole na gari. Nimesikia."

Amesikia! Nikamshika mkono, nikamwingiza kwenye kiofisi, nikafunga mlango.

"Najua," nikamwambia. "Wifi kaniambia."

Tabasamu likamtoka. Akakaa kwenye kiti, akaanza kufuta vidole kwa tambara, kimoja kimoja. Hakukana. Kusema kweli nilitaka akane.

"Daktari alikwambia kuhusu cheni."

"Nilikuwa chini ya gari. Niliona viatu vyake vimesimama, nikajua anasema kitu. Nikajibu sawa. Huwa najibu sawa."

"Haya, hukumsikia. Hukuisikia injini. Basi si ungesema sijui? Kwa nini ulisema safi?"

Nje fundi rangi alikuwa ameanza kunyunyiza, mashine yake ya upepo inanguruma mpaka vioo vinatikisika, kaka hata hakugeuka.

"Siku hizi naangalia nyuso," akasema. "Mtu akisikia kelele mbaya kwenye gari, uso unabadilika. Nikiona hivyo, naanza kutafuta kwa mikono. Nimefanya kazi hivyo miaka miwili na sijakosea sana."

"Na siku ile ulimwangalia nani?"

"Wewe."

"Ukaona nini?"

Alitupa tambara mezani. "Niliona umesikia kitu."

Nilidhani sijamwelewa. Nikamwambia arudie, naye akarudia. Aliona uso wangu umekunjamana. Alijua kuna kitu ndani ya injini ile. Alijua, akauma bisibisi yake, akafumba macho dakika nzima, akasema chukua.

"Uani ulikuwa umejaa watu," akasema haraka. "Ningekuuliza vipi? Mimi, Sikio, nimuulize mdogo wangu umesikia nini? Nilingoja useme mwenyewe. Ungesema neno moja tu, ningelikataa gari. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe!"

"Ungesema tu."

Yaani kosa limekuwa langu! Nilimwambia habari za mwalimu mstaafu alivyolala amekalishwa. Nilimwambia habari ya rula. Akasema atanitafutia injini nyingine, ataifunga kwa mikono yake, bure. Nikamuuliza, na nani ataisikiliza?

"Usiwaambie watu," akasema. "Nakuomba. Jina hili ndilo pekee nililo nalo."

Kabla sijajibu mlango ukafunguliwa. Mwalimu wa chekechea, anaonyesha saa yake kwa kidole: watoto wanamngoja. Kaka akainuka. Nakuapia, alipovuka kizingiti tabasamu lilikuwa limesharudi usoni, kama mtu aliyevaa kofia. Akamwashiria mwalimu aingie, awashe.

Gari likawaka na turbo ikalia. Mlio mwembamba, unapanda na kushuka kama king'ora cha mbali, bearingi yake inakwisha. Muuza spea akainua kichwa dukani kwake. Kaka alikuwa anautazama uso wa mwalimu, na mwalimu wa watu hajui lolote la magari, anamtazama fundi kwa imani, anacheka. Kaka akauma bisibisi kidogo. Akaitoa.

"Safi," akasema. "Nenda kabebe watoto." Akageuka kufunga boneti.

Nikamwendea mwalimu dirishani. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwalimu, usilichukue gari hili. Lipeleke kwingine. Fundi hasikii."

Kaka hakujua nimesema. Aligeuka huku anafuta mikono, akaona uso wa yule mama, akaona uso wa muuza spea aliyekuwa ameshasogea karibu, akaja akasimama mbele yangu.

"Umesema nini, mdogo wangu?"

Ningeweza kumjibu kwa midomo tu, angenielewa, na yangebaki kati yetu na mwalimu. Nilipaza sauti mpaka fundi rangi akazima mashine yake.

"Nimesema husikii, kaka! Husikii!"

Uani wote ulinyamaza. Alisogea nyuma mpaka akapata tairi bovu lililokuwa pale, akalikalia, akaanza kututazama nyuso zetu, mmoja baada ya mwingine. Mimi niliondoka kwa miguu, kwa kuwa gari sina.